Alama Iliyobaki Dirishani

Matokeo ya mtihani wa majaribio wa ujirani mwema yalipobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu, mtaa mzima wa Mkuyuni ulishajua kabla gundi haijakauka. Wilhelmina, au Mina kwa kifupi, mjukuu wa Mzee Chenge, yule binti wa darasa la saba mwenye shingo ndefu anayegeuka kutazama hata mbuzi akipiga chafya, alikuwa amepata mia mbili tisini na tisa. Kati ya mia tatu. Masomo sita, shule zote za kandokando ya ziwa, kuanzia hapa hadi kule ambako redio zinashika stesheni za nchi jirani, na mtoto wa Mkuyuni amekosa alama moja tu.

Watu walikuja kumtazama. Walikuja kama wanavyokwenda kutazama samaki aliyevuliwa akazidi urefu wa mtumbwi: kimya, mikono nyuma, wakizunguka. Mama Dorcas wa nyumba ya pili alikuja na wajukuu zake wote akawapanga mstari mlangoni.

"Mwangalieni vizuri," akawaambia. "Huyu ndiye. Mia mbili tisini na tisa! Kichwa chenyewe ni cha kawaida, mnaona? Hakijavimba popote. Sasa nyie vyenu mnavifanyia nini?"

Mwenye kukaanga mihogo pale njia panda alileta sahani iliyojaa, na pilipili pembeni, bila kuagizwa. Mtu mmoja wa Mabatini, ambaye hakuna aliyemfahamu, alileta penseli ya mwanawe akaomba Mina aiguse. Mina aliigusa, akamrudishia, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Chumba hicho kina dirisha moja, na dirisha hilo ni utajiri. Nyumba ya Mzee Chenge imeng'ang'ania juu ya mawe kama kuku aliyeshtuliwa, hivyo ukisimama dirishani unaliona ziwa lote mpaka linapochoka. Mina alichukua kanga ya mama yake akaigongomea dirishani kwa misumari. Akageuza meza, ikatazama ukuta. Kesho yake shuleni akamwomba mwalimu mkuu amtoe kwenye dawati la dirishani, ampeleke lile la pembeni kabisa ambalo mbele yake hakuna kitu ila plasta.

Mama yake, Modesta, ambaye anashinda soko la Mwaloni akiuza dagaa, alisema mtoto amechoka, aachwe. Mzee Chenge hakusema kitu, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutisha. Mzee Chenge kukaa bila kusema kitu ni sawa na ziwa kukosa maji.

Alikuwa mstaafu, fundi wa injini za meli za mizigo, na hakuna aliyejua alipojifunzia kudanganya, maana kwa kiwango kile hakuna chuo. Yeye ndiye aliyesimulia habari za sangara aliyemeza nanga akaiburuta meli hadi Bukoba, injini imezimwa, mafuta ya safari nzima yakabaki. Yeye ndiye aliyewahi kufunga mtumbwi wake kwenye nguzo ya wadudu. Hawa ni wale wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, hawaumi, ambao mwezi ukiandama hupanda kutoka majini kwa mamilioni ukadhani ziwa linatoa moshi. Mzee Chenge alisema siku hiyo walishonana kiasi kwamba alizungusha kamba, akapiga fundo, akalala usingizi. Asubuhi nguzo ilikuwa imehama na mtumbwi wake, akaamka yuko Ukerewe.

Na kila jioni, kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, msikilizaji wake alikuwa mmoja: Mina. Si kwamba aliamini. Alikuwa mkaguzi.

"Babu, juzi ulisema nguzo ilikupeleka Musoma."

"Musoma ilikuwa safari ya kwenda, mama." Alimwita mama kwa kuwa Mina alibeba jina la mama mzazi wa mzee.

"Hukusema kwenda. Ulisema kurudi."

"Basi kumbe nilirudi kabla sijaenda. Upepo ulikuwa mkali."

Tangu matokeo yatoke, jiwe lilikuwa na mtu mmoja. Mzee alijaribu kumwita kupitia ile kanga dirishani. "Mina! Njoo nikwambie kilichompata nahodha aliyekula ndizi ya kijini."

"Nasoma, babu."

"Unasoma nini na vitabu umeshavimaliza?"

"Natafuta nilichokosa."

Maneno hayo yalimkaa mzee kifuani kama mfupa wa samaki. Alama yenyewe hakuijali. Yeye maishani hakuwahi kupata hata nusu ya kitu chochote. Alichoogopa ni kile alichokuwa anakiona: mtoto aliyekuwa akitazama kila kitu ameamua asitazame tena chochote. Mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa tisa. Angefaulu, hilo halina ubishi. Lakini akiendelea hivi na uso ukutani, nyuma ya yale macho atabaki nani wa kumwambia kwamba Musoma haikuwa safari ya kwenda?

Kwa mawazo hayo alishuka barazani kwa Salum, fundi cherehani, ambaye amekuwa akishona na kumbishia Mzee Chenge tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

"Hongera ya mjukuu," Salum alisema, mguu kwenye pedali. "Watu wamepigwa butwaa mji mzima. Ila hebu niambie, mzee mwenzangu. Hiyo moja imekwenda wapi?"

Kila mtu alikuwa akiuliza hivyo hivyo. Wanastaajabu dakika nzima, kisha wanauliza moja imekwenda wapi, kana kwamba mtoto kaidondosha njiani. Kitu kikampanda Mzee Chenge kichwani.

"Mdudu," alisema.

"Mdudu gani?"

"Wa ziwani. Siku ile ya mtihani si walipanda? Mmoja akaingia dirishani akatua kwenye karatasi ya Sayansi, kwenye kijisanduku cha jirani na jibu la mtoto. Mtoto anasiliba kisanduku chake kwa penseli, mkono ukambana. Pwa! Akawa doa. Mashine ya kusahihisha ikapita, ikakuta visanduku viwili vyeusi kwenye swali moja. Sasa mashine itajua mdudu? Ikasema huyu mtoto ana tamaa, anataka majibu mawili. Sifuri."

Cherehani ikasimama. Kwa miaka yote hiyo Salum hakuwahi kuamini hata salamu ya Mzee Chenge. Akamtazama, sindano mdomoni.

"Wallahi," akasema polepole, "hilo linawezekana."

Hapo ndipo mzee alipojua amekosea. Uongo wake siku zote ulikuwa na mkia mrefu unaoonekana, mtu akauona akacheka. Huu aliutunga bila mkia.

Jioni uongo ulifika kwa Mama Dorcas, wadudu wakiwa watatu. Usiku haujaisha ulishavuka hadi Butimba, na huko wadudu walikuwa wametumwa na shule iliyoshika nafasi ya pili. Na kesho yake alasiri mwalimu mkuu, Mwalimu Revocatus, akapanda mawe hadi kwa Mzee Chenge, shati jeupe, jasho linamtoka. Nyuma yake alikuwepo Salum, aliyejileta kama shahidi wa jambo ambalo hakuliona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ndani, karibu. Salum, wewe kaa popote, umeshazoea."

Mina akaitwa. Akaamkia, akakaa kwenye kigoda, macho kwenye saruji.

"Mzee," Mwalimu Revocatus alianza, "nimesikia habari ya mdudu, na sikupata usingizi. Karatasi bado zipo kwa kamati. Nikipeleka ombi wataitazama upya. Unaelewa maana yake? Mia tatu! Tangu mtihani huu uanze hajatokea aliyeipata. Mimi watoto wangu wanabanana wanne dawati moja, mvua ikinyesha tunasimamisha somo kwa sababu ya kelele za bati. Halafu mmoja wao anapata mia tatu." Akatoa leso, lakini si jasho alilofuta. "Ninachohitaji ni mtoto aseme mwenyewe. Wilhelmina, ni kweli mdudu alitua kwenye karatasi yako?"

Mzee Chenge alimtazama mjukuu wake. Neno moja tu, 'ndiyo', na alama ingerudi. Pengine na ile kanga ingetoka dirishani. Maisha yake yote alikuwa amedanganya bure bure, na leo uongo wake mmoja ulikuwa umesimama mlangoni umeshika zawadi.

Mina akainua macho. Hakumtazama mwalimu. Alimtazama babu yake, na yalikuwa yale macho ya Musoma.

"Babu, huyo mdudu alikuwa na rangi gani?"

"Eeh... kijani kijani."

"Na wewe ulikuwa umekaa wapi ukamwona?"

"Mimi? Mimi nilikuwa hapa hapa."

Salum akakohoa.

"Hakuna mdudu aliyetua, mwalimu," Mina alisema. "Swali la thelathini na nane nililiacha tupu."

"Lilikushinda?"

"Hapana. Nilikuwa nalijua."

"Sasa ilikuwaje?"

Mtoto akasokota upindo wa sketi yake. "Niliangalia nje."

Akaendelea mwenyewe. Alianza kwa sauti ya mtu anayeungama, lakini kadiri alivyosema ndivyo shingo yake ilivyozidi kunyooka.

"Nilikuwa nimemaliza la thelathini na saba. Nikainua kichwa kidogo. Nikadhani mvua inakuja, ila mvua inashuka, na hii ilikuwa inapanda. Nguzo moja kutoka majini. Nyuma yake nyingine. Nyingine. Nene chini, huko juu zimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Zilikuwa ndefu mpaka visiwa vikaonekana kama mawe ya jikoni. Na zilikuwa zinatembea, mwalimu. Hazikimbii. Zinatembea juu ya maji kama watu wazima wanaokwenda msibani, hakuna anayempita mwenzake. Jua likatokea katikati yake. Zile za mbele zikabaki nyeusi, za nyuma zikawaka zote, kila mdudu akawa cheche. Ndege yangeyange wakawa wanaingia ndani yake wakiwa weupe, unawapoteza, wanatoka upande wa pili. Halafu kulikuwa na mtumbwi, mtu mmoja, anapiga kafi. Nguzo ikamjia. Nikataka kupiga kelele, nikakumbuka niko kwenye mtihani. Ikamkanyaga. Akapotea, yeye na mtumbwi. Nikashika pumzi. Kisha ikapita, na yule mtu yuko vile vile, anapiga kafi."

Akatazama tena saruji.

"Nikarudi kwenye karatasi nikaendelea na thelathini na tisa. Ile safu nyeupe nilikuja kuiona msimamizi anapoivuta karatasi mkononi mwangu."

"Ulitazama kwa muda gani?" mwalimu aliuliza.

"Alama moja," Mina alijibu, na hakuwa anatania.

Salum alikuwa amevua kofia yake bila kujua, kaishika magotini. Mwalimu Revocatus alitazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi siku hiyo nilikuwepo," alisema kwa sauti ya chini. "Ofisi yangu inatazama huko huko. Nilifunga dirisha ili wasiingie."

Na Mzee Chenge? Mzee Chenge, aliyekuwa na nguzo za wadudu za kufungia mitumbwi, za kuegemezea ngazi, na moja aliyodai aliipanda akaona Uganda, alikuwa amekaa mdomo wazi kama mtoto wa kwanza kusimuliwa hadithi duniani. Mambo yote aliyopata kutunga hayakufikia hata kwenye magoti ya kitu hiki ambacho mjukuu wake alikipata kwa kuinua kichwa tu.

"Halafu zikafanyaje?" aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Nini, babu?"

"Hizo nguzo. Baada ya mtumbwi."

"Sijui. Nilirudi kwenye swali."

"Umetoa alama nzima na mwisho hukuuona?"

"Si nilikuwa kwenye mtihani, babu! Na wewe si ndiye unayezijua? Zinafanyaje?"

Mzee Chenge akafungua kinywa. Majibu yalikuwepo, yalipanga foleni kama kawaida. Akayatazama yote, akayaacha.

"Sijui, mama," alisema. "Chumba cha injini hakina dirisha. Sisi tulikuwa chini na makelele na moto. Waliokuwa juu wakishuka wanasema, mngeona! Sisi tunasema, tungeona nini? Nao wameshasahau. Basi ikabidi nitunge."

Hakuna aliyecheka, hata Salum, ambaye alikuwa amesubiri maisha yake yote kusikia maneno hayo.

Mzee akasimama, magoti yakalia. "Mwezi umeandama jana," alisema. "Mimi naenda kwenye jiwe. Anayetaka mwisho anifuate."

Alitoka bila kugeuka nyuma. Alifika juu ya jiwe, akakaa, akasikia viatu vya mwalimu vinateleza, akasikia Salum anahema na kumtaja Mungu. Akangoja. Kisha akasikia nyayo nyepesi, zisizoharakisha, na Mina akakaa pale pale alipokuwa akikaa, upande wa kulia, karibu na sikio lake zuri.

Ziwa lilikuwa tulivu mno. Wakakaa. Jua likaanza kushuka upande wa Sengerema. Salum aliuliza kama kuna uhakika, mzee akamwambia akashone. Na ndipo Mina alipomshika babu yake mkono.

Mbali, penye visiwa, maji yalikuwa yananyooka kwenda juu.

Zilipanda bila haraka, nguzo kwa nguzo, mpaka upeo wote wa ziwa ukawa kama nyumba ambayo paa lake ni mbingu. Zilitembea kweli. Mtoto hakuwa ameongeza hata kidogo. Kama kuna alichofanya, alipunguza. Zilipokaribia, mwanga wa jioni ulipita ndani yake ukawa mwekundu, na watu wanne pale juu ya jiwe wakawa wekundu, na mawe yote ya Mkuyuni yakawa mekundu. Kisha ikaja sauti. Mzee Chenge hakuwahi kujua kwamba zina sauti. Ilikuwa laini, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo, ila ungo wenyewe ni mkubwa kama mkoa. Huko chini watu walikuwa wanafunga madirisha, wanafunika masufuria, wanalalamika. Wao wanne hakuna aliyejitikisa.

Nguzo ya mbele iliinama juu yao, ikawachukua.

Ndani yake hapakuwa na ziwa wala mji. Palikuwa na harufu ya tope na maji ya kina kirefu, na mabawa madogo yasiyohesabika yakigusa uso, yakigusa kope, mepesi kuliko pumzi. Mzee aliwafikiria wadudu wote: kila mmoja alikuwa hai, alikuwa amekaa gizani chini ya maji, na leo ndiyo siku yake ya kuona. Akashika mkono wa mjukuu wake kwa nguvu zaidi. Mtu wa mtumbwi alifanya hivi, alifikiri. Alipita humu.

Halafu upepo wa nchi kavu ukashuka kutoka vilimani, na huo ndio ukawa mwisho. Nguzo zilipasuka kuanzia juu, kama shuka inayochanwa, vipande vikaelea, vikateremka polepole juu ya maji, na kila vilipogusa, maji yaling'aa kisha yakatulia. Moja baada ya nyingine zilikwenda hivyo, mpaka ziwa likabaki peke yake na nyota moja, kama halikuwahi kufanya kitu.

Mzee Chenge akafungua kinywa ili aseme neno linalofaa. Mdudu akaingia. Akatema, akakohoa, akapiga kifua, na Mina akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Mwalimu Revocatus, ambaye shati lake sasa lilikuwa na rangi ya kahawa, naye akacheka, kisha akatulia.

"Wilhelmina. Lile ombi kwa kamati..."

"Usipeleke, mwalimu. Ile moja najua iliko." Akapangusa nyusi. "Na lile dawati la ukutani, mpe mtu mwingine."

"Na mwezi wa tisa je? Wakipanda tena?"

Mina alifikiri, kwa makini, kama alivyofikiri maswali mengine mia mbili na kitu aliyoyapata. "Nitaweka kidole kwenye namba ya swali kabla sijainua kichwa."

Mwalimu akatikisa kichwa, akarudia maneno hayo taratibu, kama anayetaka kwenda nayo shuleni.

Waliposhuka nyumbani hapakuwa na kitambaa karibu cha kujifutia, kwa hiyo Mina aliingia chumbani, akaing'oa ile kanga dirishani, misumari ikaruka, akawaletea. Wakaipokezana. Salum alijifuta masikio, akaaga, akaenda zake akiwa kimya, jambo ambalo mtaa ulilizungumzia wiki nzima.

Mina alibaki mlangoni na babu yake. Mdudu mmoja alikuwa amebaki nyuma ya kiganja chake, ametulia, mabawa yamelala. Akamsogeza kwenye taa.

"Babu. Ndiye huyu aliyetua kwenye karatasi yangu?"

Mzee Chenge akainama, akamchunguza kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

"Siye," alisema. "Yule alikuwa mnene. Alikuwa na shingo."

"Wadudu hawana shingo, babu."

"Yule alikuwa nayo. Tena aliivunja alipokuwa anasoma jibu lako."

"Jana ulimwambia Salum alibanwa na mkono."

"Mkono," Mzee Chenge alisema, akimsogezea kigoda, "ulikuja baadaye."